Kupanda ni jasho, kushuka ni akili

Siku moja ya juma-pili mchana, mwaka 2024, nilikuwa kwa mjomba wangu, komini ya Mangobo, hapa Kisangani. Mvua ilitufungia ndani. Nikatoa simu nimwonyeshe filamu niliyopewa na kijana wa jirani: wazungu wanaoshuka mlima kwa kinga kule Ufaransa. Ni mamia ya watu. Wanaondoka pamoja juu ya barafu, wanateleza, wanaangukiana, wanaamka, halafu wanaingia kwenye mawe, kisha kwenye majani, kisha msituni, hata chini kabisa kijijini.

Nilifikiri mzee atacheka. Hakucheka. Alivuta kiti karibu, akaangalia kama fundi anayesikiliza injini. "Tazama matako yake," akasema, "hayako juu ya kiti. Ameyarudisha nyuma kabisa, karibu na gurudumu." Kisha akamwonyesha mwingine kwa kidole: "Huyu ataanguka." Na kweli, hata dakika haikupita, yule akaanguka. Nikamwuliza amejuaje. "Alikuwa anaangalia gurudumu lake. Mutu akiangalia gurudumu, anakwenda pale gurudumu linataka. Inafaa uangalie pale weye unataka kufika."

Filamu ilipokwisha aliuliza neno moja: "Na mizigo yao iko wapi?"

Nikamjibu hawana mizigo. Akanyamaza kidogo. "Basi wanacheza," alisema. Hakusema kwa kudharau. Alisema kama mchezaji mzee wa mpira anayetazama vijana uwanjani.

Ndugu msomaji, mjomba wangu alisukuma kinga yenye mzigo kwenye barabara ya Buta muda wa miaka 9. Leo anatembea kwa fimbo, na mguu wake wa kuume ni mfupi kuliko wa kushoto. Mguu huo haukuvunjika kwa kupanda. Ulivunjika kwa kushuka, na ndiyo sababu nimeandika mambo haya, hasa kwa familia zinazokaa kwenye machimbo na kula vitu vinavyoletwa kwa kinga.

MITA 400

Mashindano yale ya filamu yanaitwa Megavalanche. Yalianza mwaka 1995 huko Alpe d'Huez, katika milima ya Alpi. Wanaondoka karibu na kilele cha Pic Blanc, mita 3330 juu ya bahari, wanamalizia Allemond, penye mita 720 hivi. Maana yake wanashuka mita 2600 katika njia ya kilomita zaidi ya 20, na wale wenye mbio kabisa hawafikishi saa moja.

Kwa sisi watu wa mto hesabu hiyo haiingii kichwani upesi. Kisangani yetu iko mita 400 hivi juu ya bahari. Maji yanayopita mbele ya Wagenia yanasafiri zaidi ya kilomita 2000 mpaka kufika baharini, na katika safari yote ile, pamoja na maporomoko ya chini ya Kinshasa, yanashuka mita hizo 400 tu. Hata maporomoko ya Boyoma, yote saba, kutoka Ubundu mpaka hapa, hayashuki zaidi ya mita 60 hivi katika kilomita 100. Wale wazungu wanashuka mara sita ya mto wetu mzima, kabla chai haijapoa.

Basi utasema: Kisangani hakuna mlima, mjomba wako anajua nini juu ya kushuka? Na mimi nilisema hivyo, mpaka likizo ya mwaka 2009 nilipofuatana naye. Barabara ya Buta haina mlima, ni kweli. Lakini pia haina mahali pa sawa. Kila mara kuna kijito. Barabara inaanguka bondeni, chini unakuta daraja la miti, halafu inapanda tena. Mteremko mmoja unaweza kuwa na kimo cha mita 20 ao 30 tu, lakini udongo ni mwekundu, mvua imeuchimba mifereji, na kamiyo zimeacha mashimo unayoweza kumficha mbuzi. Unamaliza mmoja, unapanda, unapumua, na mwingine unakungoja. Ukiiunganisha yote kutoka Kisangani mpaka Banalia, kilomita 128, utakuwa umeshuka mlima mrefu sana, ila umeushuka vipande vipande.

KUTOKA TOLEKA MPAKA BARABARA YA BUTA

Vijana wa leo hawakumbuki, lakini miaka ya 1990 na wakati wa vita, mji wa Kisangani ulitembea juu ya kinga. Motokari zilikuwa zimekwisha, esanse ilikuwa haba. Vijana wakatia kiti cha sponji na kitambaa kizuri nyuma ya kinga, wakaanza kubeba watu. Wakajiita "toleka", neno la Lingala, maana yake "tupite". Mama wa soko, mwalimu, padri, mgonjwa wa kwenda hospitali, wote walipanda toleka. Mjomba alianza kazi hiyo mwaka 1996, baada ya kiwanda alimokuwa kibarua kumrudisha nyumbani bila kitu. Alibeba watu hata mwaka 2000, na mwezi wa sita mwaka huo, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji wetu, kinga yake ndiyo iliyomwondoa bibi yangu upande wa Tshopo.

Vita vilipopungua, pikipiki za Kichina zikaingia, na toleka ikaanza kukosa watu. Nani atakaa juu ya kinga polepole wakati pikipiki inapita? Mwaka 2004 mjomba akatoa kile kiti cha sponji, akakinyonga ukutani (kingali pale hata leo, panya wamekula upande mmoja), akageuka mfanya biashara wa barabara.

Kwenda alibeba chumvi, sabuni, sukari, makayabu, betri na nguo, mpaka Banalia, na mara nyingine mbele mpaka Panga, kwa wachimbaji wa zahabu. Kurudi alibeba mchele wa upande wa Bengamisa na mafuta ya ngazi. Mzigo wa kawaida ulikuwa bidoni 6 za litre 20. Mafuta ya ngazi ni mepesi kidogo kuliko maji. Hata hivyo bidoni 6 zinafika kilo 110, bila kuhesabu chakula chake, turubai, pampu, na vipande vya mpira vya kubandika. Kinga yenyewe ni ya chuma, kilo 20 na zaidi. Na mwenyewe alikuwa mtu mwembamba.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuondoa pedali na sheni. Mtu asiyejua atashangaa. Lakini kinga ya mzigo haipandwi. Inasukumwa, na pedali zinapiga miguu. Kisha alifunga fimbo ndefu kwenye gidoni upande wa kushoto, ya kuongozea, na fimbo nyingine akaisimamisha nyuma ya kiti, ya kusukumia. Mfanya kazi anatembea pembeni, mkono mmoja hapa, mwingine pale. Si sisi tu tuliofikiri hivyo. Mwaka 1954 Wavietnam walipowazunguka Wafaransa huko Dien Bien Phu, walipeleka mchele na risasi milimani kwa maelfu ya kinga zilizofungwa vijiti namna hiyohiyo, na nyingi zilibeba kilo 200 na kupita. Kinga nyingine zilikuwa Peugeot, za Wafaransa wenyewe. Mjomba alipenda sana habari hiyo. Aliniomba nimwambie mara mbili.

NAMNA YA KUSHUKA

Watu wote wanawahurumia wenye kinga wakati wa kupanda, kwa sababu pale wanaona jasho. Watoto wa kijiji wanatoka kusaidia kusukuma, wanapewa kipande cha sukari. Lakini wenyewe wanasema kupanda hakuna siri: ukichoka unatia jiwe nyuma ya gurudumu, unakaa. Kushuka hakuna kukaa. Mzigo ukianza kukimbia, una nafasi ya kuhesabu moja, mbili, basi.

Safari ile ya 2009 mjomba alinifundisha kila kitu mbele ya mteremko wa kwanza, kabla hatujavuka hata kijito kimoja. Kwanza, unaacha kinga juu, unashuka mwenyewe kwa miguu mpaka chini, mikono mitupu. Unaangalia daraja: miti mingapi, uwazi uko wapi, mti gani umeoza. Unachagua mti wako. Unarudi ukihesabu mashimo. Nilimwona akifanya hivyo hata pale alipopita mara mia. "Mvua ya jana haikuniaga," alisema. Nimesoma baadaye kwamba wale wa Alpi pia wanafanya hivyo: siku kabla ya mashindano wanapita njia wakisimama kwenye kila kona mbaya, wanaitazama, wanasemezana.

Pili, mwili. Kwenye sehemu ya sawa unasukuma. Kwenye mteremko unageuka mzigo wewe mwenyewe: unarudi nyuma, unashika fimbo ya kiti kwa mkono wa kuume, unakalia hewa, visigino vinachimba udongo. Mkono wa kushoto kwenye fimbo ya gidoni haushiki kwa nguvu, unaongea na gurudumu tu. Mikono ikikaza, kila jiwe linaingia mpaka mabegani, na kinga inaanza kukuongoza wewe. Mkiwa wawili, wa nyuma anashika kamba iliyofungwa kwenye porbagaje. Ndiyo kazi niliyopewa. Viganja vyangu vilichubuka siku ya kwanza, na jioni sikuweza kukata kwanga.

Tatu, freni. Hapa ndipo pana kifo. Kinga zetu za zamani zina freni za fimbo za chuma zinazovuta patini za mpira juu ya janti. Zinafaa kwa mwalimu anayekwenda shuleni. Ukiwa na kilo 130, na janti imelowa maji na tope, patini zinateleza kama sabuni. Tena freni ya mbele ni hatari zaidi: gurudumu la mbele linasimama, mzigo wa nyuma hausimami, unaruka juu ya gidoni. "Freni ya mbele ni ya kuomba, si ya kuamuru," mjomba alisema. Unaigusa, unaacha, unaigusa, unaacha. Ya nyuma unaivuta tangu juu kabisa, kabla kasi haijazaliwa. Kinga iliyokwisha kukimbia hairudishwi na freni yoyote.

Wale wa Alpi wana kitu kingine. Katikati ya kila gurudumu pana sahani ya chuma, na ndani ya bomba nyembamba pana mafuta yanayosukuma patini pande mbili za sahani. Kidole kimoja kinatosha kusimamisha mtu mzima kwenye tope. Hata hivyo sahani zile zinapata moto sana kwenye mteremko mrefu, na mtu anayevuta freni bila kuacha anafika chini freni zimelegea na mikono imekufa ganzi. Kwa hiyo nao wanafundishwa kugusa na kuacha.

Na hawakuanza na vitu hivyo vizuri. Mwezi wa kumi mwaka 1976, karibu na mji mdogo wa Fairfax, kule California, vijana fulani walikusanya kinga nzito za zamani, za wakati wa baba zao, wakashindana kushuka njia ya mlimani. Kimo chake kilikuwa mita 400 hivi (ndiyo, ule mto wetu mzima) katika kilomita 3 hivi. Kinga zile zilikuwa na freni ya ndani ya gurudumu la nyuma, ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Moto ulikuwa mwingi hata grisi ya ndani iliungua, moshi ukatoka, na kila baada ya kushuka walifungua gurudumu na kutia grisi mpya. Kwa hiyo mashindano yakaitwa Repack, yaani kujaza tena. Kinga za milimani zinazouzwa leo kwa bei ya motokari zilizaliwa katika moshi ule. Nilipomweleza mjomba, alitikisa kichwa: "Walikuwa na taabu yetu, lakini walikuwa na kiwanda karibu."

KIJITO KISICHO NA JINA

Mwezi wa kumi mwaka 2013 alikuwa anarudi na bidoni 6 za mafuta. Rafiki yake wa kamba alibaki Banalia na homa. Angeweza kumngoja. Lakini mafuta yale yalikuwa ya deni: mama mmoja wa soko alimpa fedha za kununulia, na alikuwa amekwisha kuchelewa siku tatu kwenye bac ya mto Aruwimi. Basi akaondoka peke yake.

Mvua ilimkuta kwenye mteremko ambao hata leo hajui jina la kijito chake. Alifanya kosa moja tu, na analisema bila kujificha: hakushuka kwanza kuangalia daraja. Juu ya mvua. Juu ya deni. Juu ya miaka tisa ya kupita pale. Katikati ya mteremko visigino vikateleza, kinga ikamvuta, akashika freni ya mbele kwa nguvu zote, kama mtu yeyote angefanya. Haikusimama kwa sababu janti ilikuwa maji matupu. Akafika kwenye daraja akiwa mbele ya mzigo badala ya kuwa nyuma. Gurudumu likaingia kati ya miti miwili. Kinga ikasimama. Mzigo ukamwangukia kwenye paja.

Alilala pale karibu saa mbili. Wenye kinga wengine wakamkuta, wakamfungia mguu kwa vijiti na kamba za mpira, wakatoa mzigo wa mmoja wao wakaugawana, wakamlaza juu ya kinga ile, wakamrudisha polepole. Bidoni 4 zilipasuka. Anasema mafuta yalishuka kijitoni yakitandaza maji mekundu, na samaki wadogo wakatoka juu kuyaangalia. Mguu uliungwa katika kituo kimoja cha afya, ukaungwa vibaya.

Lakini uchungu wenyewe ulianzia nyumbani. Mke wa mjomba, ambaye sisi wote tunamwita Mama, alilipa deni la bidoni 4 kwa kuuza kwanga na sombe iliyotwangwa. Alilipa mwaka mmoja na miezi minne. Watoto wawili walikaa bila shule mwaka ule. Yule mama wa soko hakuwa mtu mbaya; naye alikuwa amekopa katika likelemba na wenzake walimngoja. Nimesikia watu kwenye machimbo wakilalamika kwamba mafuta na mchele vya kinga vina bei kali. Labda ni kweli. Lakini kwenye bei ile mnalipa pia bidoni zilizobaki kijitoni.

Tangu siku ile Mama ana sharti moja kwa kila kijana wa barabara anayekuja kuomba shauri kwa mjomba: nusu ya mzigo iwe yako, ya kukopa isizidi nusu. Nimewaona wengine wakicheka sharti hilo. Wengine walirudi kulisifu.

WATU WA CHUKUDU

Mwaka 2019 nilikwenda Goma kwa ndoa ya rafiki. Kabla ya kupanda ndege, mjomba aliniagiza: "Nenda uangalie watu wa chukudu. Uniambie freni yao." Alikuwa ameisikia kwa watu wa Kivu waliokuja na toleka, hakuwahi kuiona.

Goma iko mita 1500 hivi juu ya bahari, chini ya volkano Nyiragongo. Mashamba ya viazi, kabichi na karoti yako juu, Kibumba na mbele yake. Kwa hiyo chakula cha mji kinashuka, na kwa miaka mingi kilishuka juu ya chukudu: kinga ya miti mitupu, magurudumu mawili ya mti yaliyofungwa mpira wa motokari, rulema za chuma katikati, na gidoni ya mti kama pembe za ng'ombe. Haina kiti, haina pedali. Mzigo unaweza kufika mamia ya kilo. Mwenyewe anapiga goti moja juu ya kipande cha ndala kilichopigiliwa kwenye ubao, mguu mwingine unasukuma ardhi. Wameijengea hata sanamu kubwa ya rangi ya zahabu katikati ya mji.

Nilisimama asubuhi kwenye barabara ya Kibumba. Kwanza nilisikia mlio, kama mtu anayeburuza meza sakafuni. Halafu wakatokea watano, wameachana mita 30 ao 40, kila mmoja juu ya mlima wa viazi. Hawakusukuma, walikuwa wanashuka tu. Mwili umelala nyuma, macho mbali. Jambo lililonishangaza ni kwamba hawakukimbia. Walikwenda kama watu walio na siku nzima. Mmoja alisimama kunywa maji nikamwuliza freni. Akacheka, akanionyesha kipande cha mpira mnene wa kamiyo, umepigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga kwa kisigino, kinasugua gurudumu. "Kikiwa na maji kinashika vilevile," aliniambia, "sababu mpira na mpira haziogopani." Kila mwezi wanakibadilisha. Na ule mwachano wa mita 30 ni kanuni yao: wa mbele akianguka, wa nyuma apate nafasi.

Nilichora kile kipande kwenye karatasi ya mwaliko wa ndoa. Ninafikiri mara nyingi juu ya wale watano. Mwaka 2021 volkano ilikata barabara ile, mwaka 2022 vita vikafika Kibumba, na mwezi wa kwanza mwaka 2025 M23 ikauchukua mji wa Goma. Mjomba aliitunza karatasi katika kitabu chake cha sala.

BIDONI SITA ZA MAJI

Sasa nirudi kwenye juma-pili ile ya filamu. Sikuwa peke yangu na mjomba. Mtoto wake wa pili alikuwa amekaa mlangoni, kijana wa miaka 20, amemaliza sekondari, hana kazi. Pikipiki hawezi kununua. Kuendesha pikipiki ya mtu mwingine alijaribu, lakini jioni akishapeleka fedha za mwenye chombo, kilichobaki hakinunui hata lituma ya mtu mmoja. Filamu ilipokwisha akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba yeye na rafiki zake wawili wanataka kuchukua barabara ya Panga.

Mama alikuwa jikoni. Akatoka na mwiko mkononi. "Mguu mmoja umetosha mu nyumba hii," akasema, akarudi jikoni.

Mjomba hakujibu siku tatu. Siku ya nne alinituma nimtafutie kipande cha mpira wa kamiyo. Alifungua kitabu cha sala, akatoa karatasi, akakata, akapigilia, akajaribu, akakata tena. Kile chuma cha kukishikilia juu ya gurudumu la kinga kilimchukua juma zima, sababu kinga si ya mti na misumari haina mahali. Mwishowe akatumia kipande cha kitanda cha zamani.

Halafu jioni moja tukaenda sote kwenye mteremko mmoja wa njia ya udongo inayoshuka kuelekea mto Tshopo. Kijana akafunga bidoni 6 kwenye kinga, zote zimejaa maji. Kilo 120. "Zikipasuka," mjomba alisema, "hatudaiwi na mutu." Akakaa juu ya jiwe, fimbo kati ya magoti. Kijana akashuka kwanza bila kinga, akaangalia, akarudi. Kisha akashuka nayo. Visigino chini, matako nyuma, mguu mmoja ukitafuta kile kipande cha mpira. Kilitoa mlio kama wa Goma. Alifika chini salama, akainua mkono, na watoto waliokuwa wanateka maji wakapiga makofi.

Tulipogeuka tukamwona Mama. Hakuna aliyemwita. Alikuwa amesimama juu ya mteremko na beseni la nguo kichwani, kama mtu anayepita tu. Alimngoja kijana apande na mzigo, jambo lililochukua muda. Akatua beseni, akafungua bidoni moja, akaimwaga yote katikati ya njia, akaikanyagakanyaga mpaka udongo ukawa tope. Akafungua ya pili, akafanya vilevile.

"Kule mvua haiombwi ruhusa," akasema. "Ashuke sasa."

Alishuka mara nne jioni ile. Mara ya tatu alianguka, akachubuka kiwiko, na bidoni moja ikapasuka. Mjomba alimwuliza alikuwa anaangalia wapi. Kijana akasema gurudumu.

Safari yake ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili mwaka 2025, mpaka Bengamisa tu, si Panga, watatu pamoja, nusu ya mzigo, na mzigo wao wenyewe. Walirudi siku ya nne, giza limeingia. Mama alihesabu bidoni kwanza, halafu akamsalimia.